Kusimika Linux kwenye bodi ya RISC-V

Usanifu wa prosesa wa RISC-V, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuanzia mwaka 2010, una lugha yake ya mashine, na kwa sababu hiyo mfumo endeshi ulioandaliwa kwa prosesa za Intel au za ARM hauwezi kuanza juu yake. Tafuta faili la mfumo lenye jina la riscv64, lililoandaliwa kwa bodi (kompyuta ndogo ya kipande kimoja) uliyonayo, kwa mfano VisionFive 2. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, inautambua rasmi usanifu huu tangu toleo la 13, lililotoka Agosti 2025.

Pakua faili mahali penye intaneti ya uhakika, na usiondoke hapo kabla ya kulihakiki kwa amri ya sha256sum, inayotoa alama ya faili ili uilinganishe na ile iliyotangazwa na waliolitoa. Mimi nililipakua Mwanjelwa, nikasafiri nalo hadi Tukuyu, na huko ndiko nilikogundua kwamba halikuwa limekamilika. Safari nzima ilipotea bure.

Chomeka kadi ya kumbukumbu kwenye kompyuta, uitambue kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, kisha uandike amri ya dd inayonakili mfumo kwenye kadi:

sudo dd if=mfumo.img of=/dev/sdX bs=4M conv=fsync status=progress

Badala ya sdX weka jina la kadi yako. Lisome mara mbili, kwa kuwa dd hufuta diski yoyote utakayoitaja bila kukuuliza.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote: usiwashe bodi bila kebo ya UART ya volti 3.3, yaani kebo inayopeleka maandishi ya bodi kwenye kompyuta yako. Bodi hizi mara nyingi hazionyeshi chochote kwenye skrini hadi mfumo uwe umeshaanza, na wengi hudhani bodi imekufa ilhali U-Boot, programu inayoutangulia mfumo, imeandika wazi kupitia UART kwamba haijaiona kadi. Kwenye VisionFive 2, unganisha pini ya 6 na GND (ardhi) ya kebo, ya 8 na RX (ya kupokea), ya 10 na TX (ya kutuma). Waya wa umeme wa kebo uache bila kuunganishwa. Kwenye kompyuta, fungua mawasiliano ya kebo hiyo kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde, ndipo uwashe bodi. U-Boot ikilalamika kuhusu faili la kuanzishia, huenda ni ya zamani, basi isasishe kwanza kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

Wakati wa kusasisha, tumia chanzo cha umeme chenye betri, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo bodi inaweza kushindwa kuwaka. Mfumo ukishaanza, badilisha nenosiri la awali kabla ya kuunganisha bodi na mtandao.