Uso na Kitambulisho: Jinsi ya Kuhakiki Kama Ni Mtu Yule Yule

Ndugu yako utamtambua hata kwenye picha yenye ukungu, iliyopigwa kwa pembeni miaka kumi iliyopita. Wepesi huo ndio unaotudanganya tujione mabingwa wa kutambua nyuso. Uso wa mgeni ni habari nyingine kabisa, na anayekagua vitambulisho dirishani, mlangoni au kwenye chumba cha mtihani huhudumia wageni kutwa nzima.

Mwaka 2011 mtafiti wa saikolojia Rob Jenkins na wenzake waliwapa watu wa Uingereza picha 40 wazipange mafungu, kila mtu na fungu lake. Picha zilikuwa za wanawake wawili tu mashuhuri wa Uholanzi, 20 kwa 20. Waingereza, ambao hawakuwajua wanawake hao, kwa kawaida walitoa mafungu 7 au 8. Waholanzi walitoa mawili, tena bila taabu. Kilichowapotosha Waingereza ni mwanga, pembe ya kamera, tabasamu na mtindo wa nywele: vitu vinavyobadilika kutoka picha moja hadi nyingine, wao wakavichukulia kuwa ni sura.

Usidhani miaka kazini inaponya hili. Maafisa wa pasipoti wa Australia walipopimwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2014, waliwapitisha watu wenye picha ya mtu mwingine mara 14 katika kila 100, na wakongwe hawakuwashinda wapya. Kinachosaidia ni utaratibu, na huu unafaa kufuatwa hatua kwa hatua.

Soma maandishi kwanza, uso baadaye

Kagua jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na tarehe ya mwisho wa matumizi kabla hujatazama picha. Mtu akisharidhika kwamba uso unafanana, macho yake hupita juu ya makosa ya maandishi bila kuyaona. Ukimaliza, funika maandishi kwa kidole gumba au kipande cha karatasi, ibaki picha peke yake. Sababu ni kwamba picha iliyo ndani ya pasipoti hutuvuta kusema "ndiye" kuliko picha hiyo hiyo ikiwa imekatwa na kuwekwa mezani. Muhuri na nembo huupa uso uhalali usiokuwa wake.

Msimamishe mtu vizuri

Mwanga umpige usoni, usitoke nyuma yake wala juu ya utosi, kwa kuwa mwanga wa juu hutia vivuli machoni na chini ya pua, na vivuli hubadilisha umbo. Asimame umbali wa mita moja au zaidi kidogo, atazame mbele, afunge mdomo bila kutabasamu. Tabasamu hupanua pua, huinua mashavu na hupunguza macho. Avue kofia na miwani, asogeze nywele nyuma ya masikio. Miwani ikiwa kwenye picha na haipo usoni, au kinyume chake, makosa huongezeka hata kama ni mtu yule yule. Kwa anayefunika uso, tafuta faragha na mhakiki wa jinsia yake. Usikubali kuhakiki macho peke yake.

Picha nayo ina mambo yake. Iliyopigwa kwa simu karibu sana na uso, kama sentimita 30, hukuza pua na kuyaficha masikio nyuma ya mashavu. Nyingine za simu huwa zimegeuzwa kama kwenye kioo, hivyo kovu la kushoto linatokea kulia. Tazama maandishi kwenye nguo, au upande wa vifungo vya shati, kabla ya kuhukumu.

Uvunje uso vipande

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ubongo huuchukua uso kama kitu kimoja. Mwaka 1980 mwanasaikolojia Peter Thompson aliichukua picha ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, akageuza macho na mdomo tu juu chini, kisha akaigeuza picha nzima kichwa chini. Watazamaji hawaoni ubaya wowote wa maana. Picha ikisimamishwa wima, wanashtuka. Vipande vilivyogeuzwa vilikuwepo muda wote, lakini havikuonekana kwa kuwa uso uliopinduliwa hausomeki kwa ujumla wake. Basi usijiulize "anafanana?" Swali hilo linaomba jibu la jumla, na jibu la jumla kwa mgeni haliaminiki. Uliza kipande kimoja kimoja, na kila kipande kipe jibu moja kati ya haya: sawa, tofauti, hakionekani.

Anza na masikio, ambayo watu wengi huyaruka. Tazama ncha ya chini: imeshikana na shavu au inaning'inia? Fuata ukingo wa nje na mikunjo ya ndani. Sikio hurefuka kadiri umri unavyokwenda, lakini mpangilio wa mikunjo hubaki vile vile. Kisha alama: makovu, madoa, mabaka ya kuzaliwa. Zingatia mahali hasa palipo na doa, kwa mfano juu ya pembe ya mdomo au chini yake. Doa linaweza kuondolewa au kutoonekana kwenye picha ndogo, kwa hiyo kukosekana kwake si ushahidi mkubwa. Kuwepo kwake mahali pale pale ni ushahidi mzuri.

Kwenye pua tazama upana wa chini na umbo la tundu, kisha kijifereji kinachoshuka hadi mdomo wa juu. Linganisha pia urefu wa kidevu, umbali kati ya macho, na mkunjo wa kope la juu.

Nywele, ndevu, unene, wanja, rangi ya ngozi: viweke kando. Ndivyo vinavyovuta jicho kwanza, na ndivyo rahisi zaidi kubadilika au kubadilishwa. Tapeli anayetumia kitambulisho cha mtu mwingine huanza hapo hapo, kwa kunyoa au kusuka kama kwenye picha.

Katika kuamua, usihesabu mfanano. Watu wawili wa rika na jamii moja hufanana kwa mengi. Tafuta tofauti, kisha ulize kama umri, uzito, mwanga au kamera vinaweza kuieleza. Tofauti moja isiyoelezeka, mathalani sikio lililoshikana kwenye picha na linaloning'inia kwa mtu, ina uzito kuliko mifanano kumi.

Hisia inayotangulia

Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha mwaka 2006 kwamba sekunde 0.1 inatosha mtu kuamua kama uso ni wa kuaminika. Muda ukiongezwa, hukumu haibadiliki sana; kinachoongezeka ni kujiamini. Mwenye uso wa upole atakuwa ameshapita moyoni mwako kabla hujafika kwenye sikio, na mwenye uso mkali atachunguzwa mara mbili bila kosa lolote. Hiyo ni dhuluma, na pia ni upenyo wa tapeli. Dawa yake ni kuandika majibu ya vipande kabla ya kuandika uamuzi, kwa kila mtu, hata yule unayeona hana shida.

Foleni nayo ina hatari yake. Walaghai wakiwa wachache, jicho huzoea kusema "ndiye" na humpitisha mlaghai anapofika. Haraka huongeza makosa, kwa hiyo badilishaneni zamu kabla macho hayajachoka.

Ukibaki na shaka

"Sijui" ni jibu halali. Mwite mwenzako, mpe picha na mtu, lakini usimwambie umeona nini. Akishasikia wazo lako, mmebaki na jicho moja. Mkitofautiana, ombeni kitambulisho cha pili chenye picha ya mwaka mwingine. Kama mna programu ya kulinganisha nyuso, mtu atoe jibu lake kabla ya kuona alama za programu. Utafiti wa mwaka 2018 wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, ulionyesha kuwa jibu la mtaalamu mmoja likijumlishwa na la programu bora hushinda majibu ya wataalamu wawili.

Anayepanga zamu awapime watu wake kwanza, kwa jozi za picha ambazo majibu yake yanajulikana, nusu zikiwa za watu tofauti, na kila jibu lisahihishwe papo hapo. Uwezo huu hutofautiana sana: wapo wachache wasiosahau uso, na wapo takriban 2 katika kila 100 ambao hushindwa kutambua hata nyuso wanazozijua. Hao si wazembe; wapewe meza ya maandishi, na dirisha la nyuso likae na wale waliofanya vizuri kwenye kipimo.