Kabla ya daftari: vile mimi naanza kuandika na watoto wa chekechea, PP1 na PP2

Walimu wenzangu wa chekechea hapa Mombasa, hasa nyinyi mlioanza kazi juzi na mna watoto 40 kwenye chumba kimoja, leo nataka tuongee kuhusu kuandika. Kila muhula mzazi anakuja kuuliza mbona daftari liko tupu, na sisi kwa kuogopa lawama tunampa mtoto wa miaka 4 ukurasa mzima wa a a a a. Mtoto anakamata penseli kwa ngumi, anafinya mpaka ncha inakatika, wiki ya pili ukitaja tu daftari anaanza kulia. Vidole vyake bado havijapata nguvu ya kazi hiyo, na nguvu haiji kwa kuandika a.

Kwa hivyo vidole kwanza. Kanda unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, kijiko cha mafuta na maji kidogo kidogo mpaka ushike kama wa chapati, alafu wape wasokote vijoka, wakate madonge, wachomeke vidole, na ukiufunika vizuri kwenye mkebe utakaa siku kadhaa. Siku nyengine watunge shanga kubwa kwa uzi mgumu, vile kina bibi wanavyotunga asmini, maana shanga inashikwa kwa kidole gumba na cha shahada na penseli pia ndio hivo hivo. Wale ambao bado wanatia vitu mdomoni usiwape shanga, waache na unga.

Krayoni zivunje. Najua inauma ukifikiria pesa, lakini kipande cha kama sentimita 3 hakishikiki kwa ngumi, mtoto atatumia ncha za vidole bila wewe kumwambia chochote.

Alafu sinia. Chukua mchanga wa pwani, uoshe chumvi itoke, uanike, uchekeche, mwaga kidogo tu kwenye sinia hivi kwamba ukipitisha kidole, sinia yenyewe inaonekana. Mtoto anachora, akikosea anatikisa sinia, kimefutika, na yule muoga ambaye kwenye karatasi hathubutu kabisa utamuona hapo anajaribu mara 10. Na kama shule yenu ina baraza, wape brashi ya rangi na kopo la maji wachore ukutani, jua litakausha waanze tena. Ukuta unamfanya anyanyue mkono na kukaza kiwiko na bega, kitu ambacho hatakipata akiwa ameinamia meza.

Sasa ile ninayoipenda kuliko zote, leso, yani kanga. Ning'iniza leso ukutani, watoto waje mmoja mmoja wapitishe kidole kwenye pindo: mawimbi, vidoto, mistari ya kupanda na kushuka, korosho. Yani mistari yote ya herufi iko pale. Kisha kila mtu na karatasi yake achore leso yake mwenyewe, pindo pande zote 4, mji, yani ile picha ya katikati, na chini uwache nafasi ya jina, yale maneno ya leso. Hapo unakaa karibu na mtoto unamuuliza, leso yako yasemaje? Na chochote atakachosema unakiandika vile vile, pole pole, mbele ya macho yake, usimrekebishe maneno. Binti mmoja wa miaka 5 aliniambia "Mama rudi mapema." Nikaandika. Akaishika ile karatasi akawasomea wenziwe wote huku akipitisha kidole chini ya maneno, alafu akarudi akachukua krayoni, pembeni akaandika M yake peke yake, kubwa, imelala upande, akaniambia hii ni ile ya Mapembeni. Ni kweli, zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue zimekaa kama M na yeye anapita pale kila siku kwa matatu. Siku hiyo alijua kuandika ni kusema kitu.

Kwenye herufi zenyewe usifuate a b c d. Mstari wa kusimama, wa kulala na duara mtoto huviweza mapema, duara kama miaka 3, msalaba kama 4, lakini mstari wa mshazari na pembetatu huja karibu na 5. Kwa hivyo anza na L, T, I, H, O, halafu K, V, A zisubiri. Herufi za jina lake ndio anazitaka zaidi, kwa hivyo kila mtoto awe na kadi ya jina mezani.

Kitu cha kwetu sana: wengi wanatoka madrasa, kule wanaanza kulia kwenda kushoto, akija kwako anaandika jina lake kinyume. Usimkemee, amejifunza vizuri, ni mwelekeo tu tofauti. Weka kidoto cha kijani upande wa kushoto wa karatasi, mwambie huku shuleni tunaanzia hapa. Na herufi kugeuka geuka ni kawaida hata mpaka miaka 7. Anayetumia mkono wa kushoto naye muache, kula ni mambo ya adabu ya nyumbani, kuandika ni vile mwili wake ulivyo. Mkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto wasigongane viwiko na jirani, na karatasi yake iinamie kulia kidogo.

Nyuma ya kila mchoro andika jina na tarehe, weka kwenye faili, mbali na dirisha maana krayoni mbichi joto la Februari linazilainisha karatasi zote zinashikana. Mzazi akija kuuliza daftari, toa mchoro wa Januari na wa juzi, iweke yote miwili mezani, na mtoto mwenyewe awepo amuelezee.