Kuanza uanagenzi wa faiba ukiwa na miaka arobaini

Mtu mzima anayeingia kwenye ufundi wa mawasiliano siku hizi huishia kwenye faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha mawasiliano kwa mwanga, maana ndiko kazi iliko. Kozi nyingi huanza na nadharia ya mwanga. Sisi tungemwanzisha kwenye macho.

Uzi wa faiba una unene wa milimita 0.125, na ukiwa na ganda lake la rangi hufika 0.25. Baada ya miaka 40 jicho huanza kugoma kuona kitu cha karibu, na wengi hudhani mkono ndio mzito kumbe ni macho. Kabla ya siku ya kwanza pima macho, utafute miwani inayoona vizuri umbali wa sentimita 40 hivi, na taa ya kichwani yenye mwanga mweupe. Omba pia upimwe rangi, kwa sababu nyuzi hutambulika kwa rangi 12 zenye mpangilio mmoja: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi na samawati. Mirija ndani ya kebo nayo hufuata mpangilio huohuo. Kwenye kebo ya nyuzi 48 yenye mirija minne, uzi wa 30 ni uzi mweupe ndani ya mrija wa kijani. Chini ya taa ya njano kijivu na nyeupe hufanana, na hapo ndipo mteja wa mtaa mmoja hujikuta ameungwa kwenye laini ya mtaa mwingine.

Kuunga, yaani kuyeyusha ncha za nyuzi mbili zishikane, ndiyo kazi itakayokupa heshima, basi ifanye polepole mpaka mikono ikariri. Kwanza vesha uzi mmoja kile kimrija cha kinga kinachosinyaa kwa joto. Kila mwanagenzi hukisahau, na uungo ukishakamilika hakuna pa kukipitishia: unakata na kuanza upya. Menya ganda milimita 30 hadi 40 kwa mvuto mmoja, koleo likiwa limelala kidogo. Ukivuta mara mbili mbili unakwaruza kioo, na mkwaruzo huo ndio utakaokatika miezi sita baadaye ndani ya boksi. Futa kwa karatasi isiyoacha nyuzinyuzi iliyoloweshwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spirit ya asilimia 70 ya duka la dawa haifai, ina maji yanayoacha doa. Ukishafuta usiuguse tena uzi, wala usiulaze mezani.

Sasa kata ncha kwa klivaa, kikatio cha kioo, kisha uweke uzi kwenye mashine ya kuungia, inayoyeyusha kioo kwa cheche ya umeme, kwa kuushusha kutoka juu. Ukiusukuma kwa kuuburuza kwenye mfereji, ncha inazoa vumbi. Mashine itakuonyesha pembe ya mkato. Ikizidi digrii 1 rudia, hata kama msimamizi ana haraka. Uungo mzuri husoma hasara ya desibeli (kipimo cha mwanga unaopotea) 0.02 hadi 0.05, ukivuka 0.1 kata. Jua tu kwamba namba ile ni makadirio ya kamera, kipimo chenyewe kitakuja na OTDR, kifaa kinachorusha mwanga kwenye laini na kupima hasara yake. Ukiona kiputo kwenye uungo, tafuta uchafu au mkato mbaya kabla ya kuilaumu mashine. Na mashine iliyotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, isawazishwe cheche kabla ya kuunga uzi wa kwanza, kwa kuwa hewa nyepesi hubadilisha nguvu ya cheche. Mwisho sogeza kimrija katikati ya uungo, kifunike ganda pande zote mbili, kipashe, kisha kiache kipoe ndipo ukilaze kwenye trei. Kikilazwa kikiwa moto hupinda.

Omba vipande vya kebo vilivyobaki na uunge 20 kila siku kwa wiki mbili. Mabaki ya kioo yaingie kwenye chupa yenye mfuniko, kitambaa cheusi kiwe mezani, na usile hapo wala kufikicha macho. Kamwe usichungulie ncha ya uzi: mwanga wa mtandao hauonekani, lakini unaumiza jicho.

Kupima kunahitaji hesabu ya darasa la saba tu, na hapa mtu mzima mwenye subira humshinda kijana. Chukua mtambo unaorusha mwanga wa +3 dBm, yaani nguvu ya mwanga kwa desibeli, kisha toa kinachopotea njiani. Kilomita 6 kwa desibeli 0.35 kila moja ni 2.1, splita (kigawa mwanga) ya njia 32 hula kama 17.5, maungo manne kwa 0.1 ni 0.4, konekta (vichwa vya kuchomekea) tatu kwa 0.5 ni 1.5. Jumla 21.5, kwa hiyo kwa mteja utarajie karibu -18.5 dBm. Pawa mita, kipima nguvu ya mwanga, ikiwa imewekwa kwenye wimbi la nanomita 1490 na ikasoma -25, ruta inaweza kuwaka, kwani nyingi huvumilia hadi -27, lakini desibeli 6.5 zimepotea mahali. Usiondoke. Safisha konekta kwanza, kwa sababu uchafu ndio mkosaji wa kila siku. Kisha angalia kama mtu amechomeka konekta ya bluu kwenye ya kijani: nyuso zao zimekatwa tofauti na hazikutani sawasawa. Halafu tafuta kona kali, hasa pale kebo inapoingia dirishani. Kwenye laini isiyo na mwanga, pima kwa mawimbi ya nanomita 1310 na 1550: hasara ikiwa kubwa zaidi kwenye 1550, ni mkunjo.

Kwenye nguzo usipande peke yako. Ngazi ya mita 4 mguu wake ukae mita 1 kutoka nguzoni, mkanda uvaliwe tangu chini, na nguzo yenye umeme isiguswe bila ruhusa ya wenye umeme. Magoti yakilalamika, beba kigoda. Kuunga ukiwa umechuchumaa kwa muda wa saa tatu huharibu mkono kabla ya mgongo.

Kuna jambo moja ambalo vijana wa kozi hawalipati. Fundi wako huenda ana miaka 25, atakuamkia shikamoo, na kwa adabu hiyohiyo atanyamaza ukikosea. Mwambie mapema: "Fundi, nikikosea nisimamishe hapohapo, usinionee haya." Mwite fundi, hata mbele ya mteja.

Kabla ya kuanza, pata kwa maandishi posho, nauli na nani anatoa vifaa vya kinga. Usinunue mashine ya kuungia. Koleo la kumenyea, mkasi wa kukatia kevlar (nyuzi ngumu za kinga ndani ya kebo) na tochi ya mwanga mwekundu ya kuonyesha uzi ulipovunjika vinatosha mwaka wa kwanza.

Na weka daftari: tarehe, eneo, idadi ya maungo, hasara ya kila mojawapo, tatizo na chanzo chake, sahihi ya msimamizi. Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Kenya, NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hutahini mafundi kwa madaraja. Kote huko utapimwa kwa mikono, na kurasa zile ndizo zitakazokukumbusha wapi mikono yako bado inakosea.