Somo: Namna ya kutafiti kama utalii endelevu unawafaa wenyeji

Wadau, wengi tukianza utafiti huu tunakimbilia idadi ya watalii. Idadi hiyo haisemi kitu: wageni wanaweza kufurika kijijini na wenyeji wakaishia kubeba mizigo tu.

Hatua ya 1: Bana swali. Eneo moja, faida moja. Mfano: ajira za wanawake.

Hatua ya 2: Fuata pesa. Kazi yenyewe iko hapa. Chukua bili ya mgeni mmoja, uichambue mstari kwa mstari: kitanda, mlo, mwongoza watalii, usafiri. Kila mstari uliza nani kalipwa, anaishi wapi, na yeye kanunua wapi. Mayai ya asubuhi yametoka kwa jirani au yameletwa na lori? Kinachotoka nje ya eneo ndicho huitwa uvujaji wa mapato. Safari iliyolipiwa yote huko mgeni anakotoka huvuja vibaya sana.

Hatua ya 3: Omba mikataba na mihtasari ya vikao. Namibia, sheria ya 1996 iliwapa wanavijiji waliosajili hifadhi za jamii haki ya kunufaika na wanyamapori na utalii. Palipo na haki, utakuta karatasi ya kukagua. Pasipo na haki, mgawo ni hisani, na hisani hukatwa siku yoyote.

Hatua ya 4: Hoji walioachwa nje. Mara ya kwanza mimi nilihoji walioletwa na mwenyekiti wa kijiji. Majibu yakafanana kama mapacha. Doxey, mtafiti wa utalii, alieleza mwaka 1975 kwamba wenyeji huanza na furaha, wakaja kutojali, kisha kero, mwisho uhasama. Mwenyekiti hatakwambia mko hatua gani.

MASWALI

Swali: Mkuu, bajeti yangu ndogo. Kaya 30 zinatosha?
Jibu: Kwa utafiti wa kina, ndiyo, ila zichague kwa bahati nasibu kutoka orodha ya kaya zote. Usichukue waliojileta. Na usiseme zinawakilisha nchi nzima.

Swali: Hakuna takwimu za kabla ya utalii kuanza. Nitalinganisha na nini?
Jibu: Tafuta kijiji kinachofanana kisicho na watalii. Pia uliza matukio, usiulize kipato cha zamani. Mtu husahau alipata shilingi ngapi, lakini mwaka alioezeka bati anaukumbuka, na aliyemlipa pia.