Somo: Kumtoa mgonjwa wa kiharusi kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu

Naliandika hapa ili nisirudie tena kwenye simu. Swali ni lile lile: "Mzee kapooza upande, tumwinueje?" Humwinui. Anasimama mwenyewe, wewe unamwongoza. Kama hata mguu mzima, yaani usiopooza, haubebi uzito, somo hili si lake. Mngojeni mtu wa fiziotherapia awaonyeshe.

1. Mwambie unachotaka kufanya. Asiyeweza kusema huenda anasikia vizuri tu.

2. Kiti kiwe upande wake mzima, mshazari na kitanda. Breki zote mbili. Vikanyagio viinuliwe.

3. Alalie ubavu mzima, miguu ishuke, kiwiliwili kiinuke. Akae ukingoni kidogo. Presha hushuka mtu akiinuka ghafla. Akiona kizunguzungu, mlaze.

4. Nyayo zikanyage sakafu, zivutwe nyuma kidogo. Viatu visivyoteleza. Ndara hapana.

5. Mkono. Hapa ndipo watu wanapomharibu mgonjwa. Bega la upande uliopooza misuli yake imelegea, mkono wote unaning'inia kwa kano tu. Ukimvuta mkono huo, au ukimpandisha kwa makwapa, bega latoka mahali pake. Likishaanza kuuma atakataa hata mazoezi. Usikubali pia akuning'inie shingoni, maana akiteleza mnakwenda chini wote. Mfunge kikoi kizima, si kilichochakaa, juu ya nguo, kiunoni, fundo likae mbele ubavuni. Shika kikoi nyuma, huku na huku. Aliyepasuliwa tumbo karibuni asifungwe.

6. Wewe: miguu mipana, mmoja mbele, kunja magoti, mgongo unyooke, yeye awe karibu na kifua chako. Goti lako lizuie goti lake bovu. Ainame mpaka pua ipite magoti. Moja, mbili, tatu.

7. Geukeni kwa hatua ndogo, usipinde kiuno. Kiti kikimgusa mapajani, ashike mkono wa kiti kwa mkono wake mzima, ashuke taratibu.

Akianza kuanguka usishindane naye. Mteremshe ukimwegemeza kwenye paja lako, linda kichwa.

MASWALI

Baharia: Nimesoma haraka haraka. Kwa hiyo tumshike makwapani?
— Hatua ya 5.

Mtu wa Langoni: Sisi twambeba kwa makwapa siku zote na hajateguka.
— Alhamdulillahi. Muulize yeye, si nyinyi, kama bega halimuumi usiku.

Binti Shela: Samahani mwalimu, kitanda chetu ni cha kamba, kiko chini na katikati kimezama. Yaweza kuwa ndiyo sababu babu hasimami?
— Yaweza sana, mwanangu. Magoti yakiwa juu kuliko nyonga, hata mzima hujikongoja. Kazeni kamba upya, muweke matofali yasiyotikisika chini ya kila mguu wa kitanda, nyonga zipite magoti kidogo lakini nyayo zisiachane na sakafu. Na mkiwa hapo: ageuzwe kila baada ya saa mbili, mkimtazama kifandugu na visigino. Ngozi ikiwa nyekundu, au nyeusi zaidi kwa mweusi, na isirudi rangi yake, asiilalie.

Mama Wawili: Wetu ameanza kutembea. Bakora ashike mkono upi? Na ngazi zetu ni zile za mawe, nyembamba.
— Mkono wa upande mzima. Akisimama mkono umening'inia, mpini ufike kifundo cha mkono. Kupanda, mguu mzima kwanza. Kushuka, bakora na mguu mbovu kwanza. Wewe uwe chini yake daima: akipanda uko nyuma, akishuka uko mbele.

Baharia: Na kuvuka kwa boti hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, kwenda kliniki?
— Hili umeuliza vizuri. Mpigie nahodha ujue maji. Yakijaa, boti hukaribia usawa wa jeti. Yakipwa mtateremka ngazi zenye ukoga. Abebwe na wawili juu ya kiti imara cha mbao, cha magurudumu kipite peke yake. Jaketi la kuokolea avae kabla ya kupanda, na ndani ya boti asifungwe kwenye kiti chochote.

Mtu wa Langoni: Kufika jeti si punda yupo?
— Aliyepooza upande hana mizani ya kukaa juu ya punda. Kiti, na vijana wawili wa mtaa.