Namna ya Kuupima Mkataba Mrefu wa Mchezaji wa Besiboli Ukiwa Moshi

Shabiki wa besiboli anayeishi Moshi ana shida ambayo mwenzake wa New York haijui. Mechi inayoanza saa 1:05 jioni kule New York huanza saa 8:05 usiku kwetu, na ile ya Los Angeles inayoanza saa 1:10 jioni hutukuta saa 11:10 alfajiri, wakati magari ya kwanza ya Arusha yanaita abiria stendi. Kwa hiyo mechi nyingi hatuzioni. Tunaamka na kukuta matokeo, na pembeni ya matokeo tunakuta habari ya mchezaji fulani anayelipwa mamilioni ya dola. Kisha, kabla chai haijapoa, hukumu inakuwa imeshatolewa kwamba timu imefungwa, mchezaji analipwa sana, basi mkataba wake ni hasara. Hukumu ya namna hiyo huwa na makosa mara nyingi kuliko inavyokuwa sahihi, na yafuatayo ni maelezo ya namna ya kuifanya kazi hiyo kwa uangalifu zaidi.

Anza na daftari. Kaunta buku ya kawaida yenye jalada gumu inatosha. Kila ufunguapo kurasa mbili zinazotazamana, ukurasa wa kushoto uwe wa timu na wa kulia uwe wa mkataba, na jambo la msingi ni kutoruhusu ukurasa mmoja uuhukumu mwingine. Timu inaweza kufanya vibaya huku mkataba wake mkubwa ukiwa mzuri, na inaweza kutwaa ubingwa huku ikibeba mkataba uliooza.

Ukurasa wa timu ndio unaotushinda sisi tuliolelewa na Simba na Yanga. Ligi Kuu yetu ina timu 16, na kila timu hucheza mechi 30, hivyo mechi tatu mbaya mfululizo zinatosha kumfukuzisha kocha. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ina timu 30, na kila moja hucheza mechi 162 kabla ya hatua ya mtoano. Los Angeles Dodgers walitwaa ubingwa wa mwaka 2025 baada ya kupoteza mechi 69 katika msimu wa kawaida. Timu ya soka iliyopoteza mechi 69 tungeshaisahau hata jina. Kwa sababu hiyo, usiandike neno lolote la hukumu kwenye ukurasa wa kushoto hadi mechi 40 hivi zipite. Kabla ya hapo andika namba tu.

Namba zenyewe ni mbili: alama ambazo timu imepata na alama ambazo imefungwa, ambapo alama moja ni mchezaji mmoja kuzunguka vituo vyote na kurudi alikoanzia. Mchambuzi Bill James alionyesha kwamba namba hizo mbili hueleza uwezo wa timu vizuri kuliko idadi ya ushindi peke yake. Tuseme timu imepata alama 800 na kufungwa 700 kwa msimu mzima. Zidisha 800 kwa 800 upate 640,000. Zidisha 700 kwa 700 upate 490,000. Jumlisha hizo mbili upate 1,130,000. Kisha gawa 640,000 kwa jumla hiyo. Jibu ni takriban 0.566, na ukilizidisha kwa mechi 162 unapata ushindi 92 hivi. Ikiwa timu hiyo kwa kweli imeshinda mara 84, ujue kwamba imepoteza mechi nyingi za tofauti ya alama moja, jambo ambalo mara nyingi ni bahati mbaya tu na halina uhusiano wowote na mshahara wa mtu. Simu ya kawaida inafanya hesabu hii kwa nusu dakika, na mimi huifanya kila Jumapili baada ya ibada.

Baada ya hapo jiulize mchezaji mmoja anaweza kubadilisha nini hasa. Katika soka, mshambuliaji mzuri anaweza kuufuata mpira popote uendako. Katika besiboli mpigaji husubiri zamu yake, mtu mmoja kati ya tisa, na kwa kawaida huipata mara nne au tano kwa mechi hata angekuwa mfalme. Mrushaji, yaani yule anayemtupia mpigaji mpira, akiwa ndiye wa kuanza mechi hupanda jukwaani kila siku ya tano au ya sita, hivyo kwa msimu mzima huanza mechi zipatazo 30. Wachambuzi hupima mchango wa mchezaji kwa idadi ya ushindi anaoongeza kulinganisha na mtu wa akiba anayepatikana kwa mshahara wa chini kabisa, na kwa kipimo hicho mchezaji bora wa ligi huongeza ushindi sita hadi nane au zaidi kidogo kwa mwaka. Ni mchango mkubwa sana, lakini hautoshi kuifikisha timu dhaifu kwenye ubingwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Alex Rodriguez, ambaye Desemba 2000, akiwa na miaka 25, alisaini na Texas Rangers mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 252. Katika misimu ya 2001, 2002 na 2003 alivusha mpira uzio wa uwanja, pigo linalompa mpigaji alama papo hapo, mara 52, 57 na 47, na mwaka 2003 akachaguliwa kuwa mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote katika ligi yake. Katika misimu hiyo hiyo mitatu Rangers walishika mkia wa kundi lao. Waliosoma ukurasa mmoja tu walisema mkataba umeiua timu. Anayesoma kurasa zote mbili anaona kwamba mchezaji alitoa kila alicholipiwa, na kwamba walichokosa Rangers ni warushaji. Mimi mwenyewe nilianguka kwenye mtego wa upande wa pili: Juan Soto aliposaini na New York Mets kwa miaka 15 na dola milioni 765 mnamo Desemba 2024, niliweka dau la soda kreti moja, kwenye kibanda cha chai ninapokunywa asubuhi, kwamba Mets watafika fainali. Soto alivusha uzio mara 43 mwaka 2025. Mets hawakuingia hata hatua ya mtoano. Kreti nililipa.

Sasa ukurasa wa kulia. Kabla ya kuandika kiasi cha fedha, andika umri wa mchezaji, kisha chora mstari mmoja kwa kila mwaka wa mkataba, na mbele ya kila mstari uandike umri atakaokuwa nao mwaka huo. Wapigaji wengi huwa katika kilele chao kati ya miaka 26 na 29. Kwa kanuni za ligi, mchezaji huhitaji miaka sita ya utumishi kabla ya kuwa huru kujadiliana na timu yoyote, na ndiyo maana wengi hufika sokoni kilele kikiwa kinapita au kimeshapita. Soto alikuwa na miaka 26 aliposaini, na hilo ni jambo la nadra sana. Linaeleza sehemu kubwa ya bei yake.

Hapa Moshi tunalielewa jambo hili kupitia Land Cruiser za kitalii. Gari lililopiga misimu sita ya Serengeti linapouzwa, muuzaji atakueleza safari zote lililofanya bila kukwama, na rangi mpya itakuwa inang'aa. Lakini safari hizo zimeshalipwa na watalii waliozipanda, na wewe unanunua kilomita zilizobaki. Albert Pujols alipata wastani wa kupiga (sehemu ya majaribio ambayo mpigaji hupiga na kufika kituoni salama) wa 0.328 katika misimu 11 na St. Louis Cardinals, akavusha uzio mara 445, na akaondoka baada tu ya kutwaa ubingwa wa 2011. Los Angeles Angels walimpa miaka 10 na dola milioni 240, ilhali alikuwa anakaribia miaka 32. Kwa Angels wastani wake ulishuka hadi 0.256, waliachana naye Mei 2021 kabla mkataba haujaisha, na katika muda wote huo timu ilifika hatua ya mtoano mara moja tu, mwaka 2014, ikatolewa bila kushinda hata mechi moja. Pujols hakumdanganya mtu. Angels walilipia safari za St. Louis.

Msomaji atauliza kwa nini basi timu zenye wataalamu wa hesabu huongeza miaka badala ya kuipunguza. Jibu liko kwenye kodi. Ligi haina kikomo cha mishahara, lakini timu ikivuka kiwango fulani, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 241, hutozwa kodi, na hesabu ya kodi hutumia wastani wa mkataba kwa mwaka. Bryce Harper alisaini na Philadelphia Phillies mwaka 2019 kwa dola milioni 330 kwa miaka 13, yaani wastani wa dola milioni 25.4, ilhali fedha hizo hizo zingegawanywa kwa miaka minane wastani ungezidi milioni 41. Kwa hiyo miaka ya mwisho ya mkataba kama huu mara nyingi haimaanishi kwamba timu inaamini mchezaji atakuwa moto akiwa na miaka 38. Ni namna ya kulipa kwa awamu, na anayesubiri mwaka wa 12 ili acheke anacheka bei ambayo ilishahesabiwa siku ya kwanza.

Halafu angalia fedha zinalipwa lini. Shohei Ohtani alisaini na Dodgers mwezi Desemba 2023 kwa dola milioni 700 za miaka 10, lakini milioni 680 kati ya hizo zitalipwa kuanzia 2034 hadi 2043 bila riba. Mwanachama yeyote wa VICOBA akiambiwa mgawo wake atapewa baada ya miaka kumi bila nyongeza anajua papo hapo amepunjwa kiasi gani, na ligi nayo ilijua: kwa ajili ya kodi, mkataba ule ulihesabiwa kuwa dola milioni 46 hivi kwa mwaka, wala si 70. Upande wa pili yuko Bobby Bonilla, anayelipwa na Mets karibu dola milioni 1.19 kila Julai 1, tangu 2011 hadi 2035, ingawa alicheza mara ya mwisho mwaka 2001. Watu humcheka Mets kila Julai kwa sababu ya miaka. Mimi naona kosa lilikuwa riba ya asilimia 8 waliyokubali ili kuahirisha deni lake, na hiyo ndiyo namba ya kuandika daftarini.

Warushaji wapewe ukurasa wao, kwa kuwa bega na kiwiko havitabiriki. Washington Nationals walimpa Max Scherzer miaka saba na dola milioni 210 mwaka 2015 akiwa na miaka 30. Akawa mrushaji bora wa ligi mara mbili akiwa nao na akasaidia kutwaa ubingwa wa 2019. Baada ya ubingwa huo timu hiyo hiyo ikampa Stephen Strasburg miaka saba na dola milioni 245, na baada ya kusaini alirusha katika mechi nane tu hadi anastaafu. Ni mwajiri mmoja na muda ule ule wa mkataba. Kwa mrushaji mimi hukata theluthi moja ya matarajio yangu kabla hata ya kuanza hesabu.

Jambo la mwisho la kutafuta ni kipengele cha kujitoa. Mchezaji mwenye haki hiyo akifanya vizuri huondoka kutafuta zaidi, na akifanya vibaya hubaki na fedha zake, hivyo kipengele hicho ni mali yake peke yake na timu haipati kitu. Rodriguez alikitumia mwaka 2007 akapata mkataba mwingine mkubwa zaidi. Harper hana. Soto anacho baada ya msimu wa 2029, isipokuwa Mets wakimwongezea malipo ili akifute. Kwenye ukurasa wake nimechora mistari 15 kwa penseli, nikaweka alama nyekundu kwenye mstari wa tano, na kwenye mstari wa chini kabisa, wa mwaka 2039, nimeandika umri wake tu: miaka 40.