Vile utasoma historia ya bandari ya Salem, Marekani, ukianzia Biashara Street

Kama umepewa kazi ya kueleza mji fulani wa bandari huko Marekani ulikua vipi, ama unataka tu kujua, usianze na tarehe. Mdogo wangu alianza hivo juzi, akajaza kurasa mbili na miaka ya Salem, huo mji mdogo kama kilomita 25 kaskazini ya Boston, nikamuuliza sasa watu wa huko walikuwa wanauza nini, wanamuuzia nani, akanyamaza. Bandari inasomwa kwa mzigo. Shika mzigo mmoja uufuate mpaka uishe, tarehe zitajipanga zenyewe.

Kwa Salem mzigo wa kuanza nao uko hapa hapa Nairobi. Shuka tao, ingia Biashara Street kwa maduka ya vitambaa na leso, ulizia merikani. Sisi tuliingia duka moja nikasema, "Mama, merikani iko?" akaniuliza, "Ya kushonea nini?" alafu akabwaga jora kwa kaunta, pamba tupu rangi ya maziwa, na vidoadoa vya maganda ya mbegu vimebaki ndani ya uzi, ukiisugua na vidole inakwaruza kidogo. Chukua robo mita. Hilo jina limetoka Marekani moja kwa moja, ni kitambaa kilichofumwa viwanda vya huko New England, ile pembe ya kaskazini mashariki ya Marekani yenye Salem, na kuletwa Unguja na meli, nyingi zikiwa za Salem, alafu wapagazi wakakibeba bara ambako kilitumika kama pesa.

Sasa ndio uweke miaka. Meli za Salem zilianza kuzoea Unguja miaka ya 1820. 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa serikali ya Marekani, akafanya mkataba na Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja, Wamarekani wakawa wanalipa ushuru wa asilimia 5 tu kwa mzigo wanaoshusha, na konsuli wao wa kwanza Unguja, 1837, alikuwa Richard Waters, mtu wa Salem. Meli zikirudi zilibeba pembe za ndovu, karafuu na sandarusi, ile gundi ngumu ya kuchimbwa ardhini huku pwani, huko walikuwa wanaitengenezea vanishi na Salem yenyewe ilikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Mdogo wangu hapo ndio alishtuka, akasema kumbe hii neno merikani imevuka bahari.

Ukimaliza hapo rudi nyuma, uliza pesa ya kununua hizo meli ilitoka wapi. Mji ulianzishwa 1626 mahali wenyeji waliita Naumkeag, na watu wakaishi kwa samaki wa kukaushwa na chumvi. Hii usiiruke: ule samaki duni zaidi ulipelekwa visiwa vya Karibi kulisha watumwa wa mashamba ya miwa, na huku kwetu pia zile karafuu zilichumwa na watumwa, kwa hivo ukiandika utajiri wa Salem andika na watu waliougharamia. Kesi za uchawi za 1692 utazikuta kila mahali, watu 19 walinyongwa, ziandike kwa heshima lakini si zenyewe zilikuza bandari. Iliyokuza ni vita vya uhuru wa Marekani, wenye meli wakapewa ruhusa ya kuteka meli za Waingereza, na vita vikiisha wakabaki na vyombo vikubwa na mabaharia wazoefu, wakavielekeza Asia. Grand Turk, meli ya Elias Hasket Derby, ilifika Canton, bandari ya China, 1786, wengine wakafuata pilipili manga kisiwa cha Sumatra, na 1790 Salem ilikuwa mji wa sita kwa ukubwa Marekani na watu hawafiki hata 8,000.

Alafu fungua ramani uangalie kina cha maji, hapa ndio wengi hawaangalii na ni hapa mji ulishindwa. Fikiria Mombasa, majahazi yako Bandari ya Kale lakini meli kubwa zinaenda Kilindini, na jina lenyewe linakuambia kwa nini. Salem haikuwa na Kilindini yake. Gati la Derby Wharf lilirefushwa mpaka likapita mita 600 kufuata maji, lakini meli zikazidi kuwa kubwa zikahamia Boston na New York. Tena marufuku ya biashara ya nje ambayo serikali ya Marekani iliweka 1807 ilikuwa imeshawaumiza, na vita vya 1812 na Waingereza vikaongeza.

Kilichofuata ni kwamba mji wa kubeba vitambaa ukageuka wa kuvifuma, miaka ya 1840 kiwanda kikubwa cha pamba cha mvuke kikasimama pale pale karibu na maji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikakausha pamba, soko la Unguja likachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na Bombay, na 1914 moto mkubwa ukala kile kiwanda pamoja na nyumba zaidi ya elfu moja.

Ukikaa kuandika, bandika ile robo mita ukurasa wa kwanza, na gundi kidogo kwa kona tu, ndio mwalimu aweze kuiinua aione hizo mbegu.